Nyota ya Mkiani

Katika mashamba ya mpira ya Kedah watu waliogopa mambo mengi. Waliogopa nyoka wa kijani anayejilaza juu ya tawi kama jani, waliogopa mnyapara ambaye hajanywa chai, waliogopa mvua ya alfajiri, maana mvua ikinyesha hakuna kugema, na asiyegema hana chake. Anjalai aliyaogopa hayo kama wenzake. Ila kilichomkosesha usingizi yeye ni kitu ambacho wenzake walikifurahia: kupukutika kwa majani.

Miti ya mpira ina tabia yake. Karibu mwaka mzima inaziba mbingu, mtu akipita chini yake alfajiri na taa kichwani ni kama anatembea ndani ya gunia. Halafu sikukuu ya Pongal ikishapita, wali wa maziwa ukishafurika chunguni na ng'ombe wakishavikwa maua, majani yanageuka mekundu, yanaanguka, na shamba zima linabaki matawi matupu kama mbavu. Utomvu unapungua, kazi inapungua, watu wanapumua. Nyota nazo zinapata pa kuchungulia.

Na anayechungulia upande wa kusini, alfajiri za majira hayo, ni nge. Kichwa ndicho hutangulia, nyota zimejipanga wima kama meno ya kitana. Kisha unakuja moyo, mwekundu kama kaa ambalo halijafunikwa jivu. Kisha mgongo unateremka, unajikunja kama ndoana, na mwishoni kabisa mwa ndoana vinyota viwili vimekaa bega kwa bega. Huo ndio mwiba. Anjalai alizaliwa mwezi umesimama hapo hapo, mkiani.

Watu wa kwao wanaiita nyota hiyo Mulam, na hawamung'unyi maneno juu yake. Mwanamke wa Mulam humng'oa bavyaa wake. Akiingia yeye mlangoni, baba wa mume anatoka amebebwa.

Siku Anjalai alipovunja ungo, mama yake, Mookayi, alimtoa nje kabla ya mapambazuko, akamfunika kichwa kwa upindo wa sari.

"Unaiona ile ndoana?"

"Naiona, mama."

"Usiinyooshee kidole. Ile ni yako. Sasa nisikilize, usije ukasema hukuambiwa. Mtu yeyote akikuuliza nyota yako, wewe ni Anusham."

"Anusham ndiyo ipi?"

"Pale kichwani, juu ya moyo. Nyota ya watu wenye heri."

"Kwani mwezi ulikuwa pale nilipozaliwa?"

"Ulikuwa umeshapita. Wewe ulichelewa." Mookayi alicheka kidogo, lakini mkono wake juu ya kichwa cha binti ulikuwa wa baridi. "Ulichelewa, mwanangu. Kosa lako ni hilo tu."

Desturi iliacha mlango mmoja wa kutokea: msichana wa Mulam aolewe na mtu aliyekwisha kumzika baba yake. Mookayi alitafuta yatima mashamba yote ya jirani. Mmoja alikuwa na mke tayari na hakusema. Mwingine alikuwa na jicho la kumtazama mama mtu badala ya binti. Umri ukasonga, majirani wakaanza kuuliza kwa upole ule unaouma. Hapo ndipo alipokuja Rengasamy, mgema wa shamba la Bukit Asam, kumposea mwanawe Sokalingam. Alikuja mwenyewe, na miguu yake miwili, na kikapu cha ndizi.

"Nyota ya binti?" aliuliza.

"Anusham," alisema Mookayi.

Kwao husemwa kwamba ndoa moja inabebwa na uongo elfu. Mookayi alitumia mmoja tu.

Anjalai alikuwa nyuma ya pazia. Tangu siku ile alimwomba Mariamma, mungu mama wa hekalu lao, ampe bavyaa mkali. Ampe mchoyo, mwenye matusi, anayehesabu vijiko vya sukari, ili likitokea la kutokea moyo usimuume sana. Akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia kama inavyopasa, macho chini, na kitu cha kwanza alichokiona katika nyumba ile ni miguu ya Rengasamy, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Aliiangalia ile miguu akingoja ianguke.

"Mama," sauti ikasema juu ya miguu, "umesimama tangu asubuhi. Kaa ule kwanza, hawa wageni hawaishi."

Bavyaa gani humwambia mkamwana akae mbele yake? Basi maombi hayakusikilizwa.

*

Rengasamy ndiye aliyekuwa saa ya safu yao ya nyumba. Kila alfajiri alitoka nje, akatazama juu, akapenga kamasi kwa kishindo, akagonga debe la biskuti lililotundikwa kwenye nguzo, na watu wote wakaamka kwenda kuitwa majina na mnyapara. Miezi ya majani alifuata jogoo. Miezi ya matawi matupu alifuata nge.

"Baba, leo kuna mawingu," Anjalai alimwuliza siku za mwanzo, akiwa amesimama pembeni na upindo kichwani. "Umejuaje saa?"

"Kwa kibofu, mwanangu. Kibofu hakina mawingu."

Alipenda kuwaonyesha watu mbingu kama mwingine anavyopenda kuonyesha kuku zake. Hakufundishwa na mtu. Miaka ya kutoka nje gizani ndiyo iliyomfundisha, na mengine nadhani alijitungia. "Wote wanapita njia moja," alisema, akichora hewani kwa kisu cha kugemea, kutoka mashariki kupita juu ya kisima hadi machweo. "Simba anateremka kule, ameshachoka. Msichana anamfuata. Mizani iko utosini. Nge ndiye huyu. Na mwenye upinde ndiyo kwanza anaamka, bado anajikuna. Mwezi naye anapita barabara hiyo hiyo, kila usiku analala kituo kingine, kama mchuuzi wa nguo. Tazama mkia ule. Uzuri ulioje."

Anjalai alitazama kisu, hakutazama mkia.

Hivyo akaanza maisha ya kumlinda mtu dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Alitangulia njiani kupiga nyasi kwa fimbo. Alitoa mawe kwenye ngazi ya kisima. Mwezi ulipokaribia mkia wa nge, kila mwezi, alifunga kula tangu asubuhi, na mavyaa wake, Pakkiam, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, alifikiri anafunga kwa ajili ya mumewe.

"Mnamwona?" aliwaambia wanawake kisimani. "Wake wa siku hizi wanafunga mkanda tu. Huyu wangu anafunga kwa imani."

Sifa zile zilimchoma Anjalai kuliko pilipili.

Sellayi, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyekuwa na macho. Alimkuta siku moja akizunguka mti wa Rengasamy, shingo imeelekea juu.

"Shoga, unatafuta nini huko, embe?"

"Kuna tawi kavu. Litamwangukia baba."

"Tawi kavu. Bavyaa wako anagema hapa tangu Mjapani hajaja. Bomu halikumpata, leo apatwe na kijiti? Mfunike kwa tenga basi, kama kifaranga."

"Kicheke tu, kinywa chako."

"Nacheka ndiyo. Mimi bavyaa wangu akikohoa naomba akohoe kwa nguvu zaidi."

Miaka ikaenda. Mookayi akafa, na nyumba yake, iliyokuwa mali ya shamba, ikapewa watu wengine palepale. Kila majani yalipoanguka Anjalai alikonda, na kila yalipochipua alinenepa, mpaka Sokalingam mumewe, mtu wa maneno machache, akawa anasema mke wake ni mti wa mpira.

*

Mwaka ule majani yaliwahi. Rengasamy alikuwa nyuma ya nyumba akiyazoa kwa mikono ili moto usije ukapita. Anjalai alikuwa jikoni akitwanga pilipili manga kwa ajili ya mchuzi wa ukwaju. Alisikia "aa", ya chini tu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Alipofika, bavyaa wake alikuwa amekaa kitako kwenye majani, ameshika kifundo cha mguu. Mbele yake, bila haraka, nge mweusi wa msituni, mnene kama kidole gumba, alikuwa akiondoka zake na mkia umekunjwa juu ya mgongo.

Anjalai hakupiga kelele. Alisimama na mchi mkononi. Umbo lile alilijua. Alikuwa amelikwepa maisha yake yote, nalo limeshuka.

"Mpige basi," alisema Rengasamy. "Au unamsindikiza?"

Alimpiga. Mchi ulimfuata nge hadi akawa tope, na bado aliendelea kupiga, mpaka mzee akamshika mkono.

"Imetosha, mwanangu. Huyo haumi watu akawaua. Kwa uzee huu nimeumwa na wengi, wengine wakiwa na miguu miwili."

Walipaka ndimu na chokaa. Lakini jioni mguu ulivimba, kesho yake ukawa kama shina la mgomba, na homa ikaja. Mtu wa zahanati ya shamba alisema si sumu, ni uchafu umeingia kwenye jeraha. Akalikamua, akaliosha, akaacha vidonge. Homa ilishuka mchana, ikapanda usiku. Rengasamy aliacha kugonga debe. Safu nzima ilichelewa kuitwa majina, mnyapara akafoka, na hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba mzee anaumwa kweli.

Alfajiri ile Anjalai alitoka kuteka maji. Matawi yalikuwa matupu kabisa. Nge alikuwa amepanda mzima, hajabakiza hata kiungo chini, na ndoana ilikuwa imekaa juu ya paa la bati ambalo chini yake mzee alikuwa akihema. Ndoo ilimtoka mkononi. Alirudi ndani kinyumenyume.

"Kesho jioni anakuja Vaithi," Pakkiam alitangaza. Vaithi alikuwa mtazamia nyota wa hekalu la njia panda, ambaye mchana alishona miavuli iliyochanika. "Dawa za zahanati nimezichoka. Mtu haumwi hivi na mdudu. Ipo nyota humu ndani inambana, na Vaithi ataijua. Atamwuliza kila mtu yake."

"Kila mtu?" aliuliza Anjalai.

"Kwani wewe ni paka? Kila mtu."

Usiku kucha Anjalai alilala macho makavu. Akisema Anusham, Vaithi atatazama pasipo penyewe, ataagiza sadaka ya taa na ufuta kwa nyota isiyo na kosa, na mzee atakufa kwa uongo wake. Akisema Mulam, atatolewa nyumba hii kabla taa haijawashwa. Aende wapi? Mama hayupo, nyumba ya mama ina watu. Mwanamke aliyefukuzwa kwa nyota hapati shamba la kumwandika, maana habari hutangulia kwa baiskeli. Alimsikia bavyaa wake akiguna ng'ambo ya ukuta wa mbao. Kila alipoguna, Anjalai aliketi kusikiliza. Aliponyamaza, alisogeza sikio ukutani.

*

Asubuhi wote walipokwenda kuitwa majina Anjalai aliachwa amwuguze mzee. Alimletea chai. Kwa kawaida aliiweka karibu na kuondoka, leo alikaa sakafuni, mbali, uso ukutani.

"Baba, nataka kusema neno."

"Sema. Kama ni la mchuzi, ulikuwa na chumvi."

"Mimi si Anusham."

Mzee alijiinua kwa kiwiko.

"Mimi ni Mulam. Mama alikudanganya, na mimi nilijua. Nimelijua kila siku. Jioni Vaithi akiniuliza, sijui nitajibu nini. Ukitaka nitamwambia. Ukitaka naondoka sasa, kabla hawajarudi."

Nje, mtu alikuwa akiita mbuzi. Anjalai alithubutu kugeuka. Uso wa Rengasamy ulikuwa umebadilika rangi, kama uji uliopoa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Hofu, ile ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameibeba miaka yote, sasa ilikuwa imeingia katika macho ya mtu mwingine, tena inamtazama yeye. Mzee alivuta shuka hadi kifuani.

"Weka chai chini," alisema. "Nenda kateke maji."

Anjalai aliupitisha mchana wote kama mtu anayetembea juu ya sakafu iliyooza. Aliporudi ndani chai ilikuwa palepale, imeshika utando. Akampelekea uji, mzee akasema ataletewa na Pakkiam. Akafunga dirisha, mzee akasema liache wazi. Kisimani Sellayi alimwuliza kama yeye naye amepata homa, naye akasema ndiyo. Kila sauti ya Pakkiam iliyoita "Anjalai" kwake ilikuwa ndiyo hiyo, mavyaa amekwisha kuambiwa, ndiyo hiyo sasa. Kumbe anaitiwa kuni. Anaitiwa ukwaju. Alifungasha sari zake mbili katika kitambaa, akakificha nyuma ya pipa la mchele, kisha akakifungua tena kwa kuwa mikono ilikosa kazi.

Jua lilipokwenda kuzama Vaithi akaja na mfuko wake na harufu ya gundi ya miavuli. Alikaa mkekani, akatandaza kauri zake, akaanza.

"Mgonjwa?"

"Uttiram," alisema Pakkiam.

"Mwana?"

"Sadayam," alisema Sokalingam.

"Mama mwenyewe?"

"Pusam. Na unaijua, ulinitazamia wakati wa jino."

"Mkamwana?"

Anjalai alifumbua kinywa. Aliona macho ya watu watatu yakimgeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake neno lile la kweli lilikuja lenyewe hadi kwenye meno.

"Anusham," ilisema sauti kutoka kitandani. Ilikuwa nyembamba lakini haikusita. "Mimi ndiye niliyemposa. Endelea, Vaithi, mguu unapwita."

Vaithi alizungusha kauri, akanong'ona, akazipanga, akazipangua. Mwishowe alikuna shavu.

"Ipo nyota inayombana," alisema. "Ni ya mwanamke wa nyumba hii."

Anjalai alishika nguzo.

"Pusam," alisema Vaithi.

Wote wakamgeukia Pakkiam.

"Mimi?" alisema Pakkiam. "Nimelala naye mkeka mmoja tangu kifua chake hakina mvi. Leo ndiyo nimeanza kumbana?"

"Si leo," alisema mzee kutoka kitandani. "Sema tu leo ndipo nyota imetazamwa."

Hata Sokalingam alicheka. Pakkiam alimpa Vaithi ufuta na kuku kwa ajili ya hekalu, lakini kwa namna ya mtu anayemtupia. Anjalai peke yake hakucheka.

*

Alfajiri iliyofuata aligutuka kusikia hatua, moja nzito, moja ya kuburuta. Rengasamy alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

"Njoo nje," alinong'ona. "Usimwamshe yule mwenye nyota mbaya."

Walisimama kwenye uwanja. Majani makavu yaliongea chini ya miguu, na Anjalai kila yalipoongea alitazama chini.

"Sasa nionyeshe," alisema mzee. "Ni ipi hasa?"

"Baba, haifai kunyooshewa kidole."

"Basi nyooshea kidevu."

Alinyoosha kidevu. Vile vinyota viwili, bega kwa bega, juu ya bati.

Mzee alivitazama kwa muda mrefu. "Nilikuwa nikikuonyesha kila mwaka," alisema. "Nakwambia tazama uzuri wake. Na wewe umesimama hapo unakufa."

Anjalai alilia bila sauti.

"Jana niliogopa," alisema Rengasamy. "Sitakuficha. Chai yako sikuinywa, na uliona. Nililala nikisema, huyu aende, hata leo, nipone. Kisha nikasema, akienda nikapona, nitakuwa nimepona hadi lini? Mimi ni mzee, mwanangu. Nitakufa. Nitakufa hata nge angekuwa Amerika. Na siku hiyo, kama wanajua, haitakuwa siku yangu tena, itakuwa yako. Watakufuata kama mbwa wanavyofuata kidonda." Alipumzika. "Bado naogopa. Lakini kuogopa nikiwa na chai ni afadhali kuliko kuogopa bila chai. Nenda kapike."

Alipika. Mikono yake ilitetemeka, na mikono iliyoipokea ilitetemeka, nusu ikamwagika. Iliyobaki mzee aliinywa yote mbele yake, macho yamefumbwa, kama mtu anayemeza kitu kichungu. Kisha akajongea kwenye nguzo, akagonga debe.

Mguu ulipona polepole. Mtu wa zahanati alisema ni vidonge, Vaithi alisema ni ufuta, na Pakkiam alisema ni yeye, kwa kuwa aliacha kubana.

Lakini baada ya hapo Rengasamy, ambaye maisha yake yote alikunywa chai na maji, alianza kwenda kilabu cha tembo. Kila jioni, wazi, njia ya katikati, kikombe chake cha bati mkononi ili kila mtu aone. Alikaa kwenye benchi la nje, mlangoni pa Kunju, mwuza tembo, akipaza sauti.

"Hiki ndicho kitakachoniua," aliwaambia wapita njia. "Mnanisikia? Nikifa msitafute mchawi. Ni hiki."

Pakkiam alimtukana hadi sauti ikakauka. "Uzeeni," alisema. "Watu wanaanza hekalu, yeye anaanza kilabu." Alimnyima mkeka, akamlaza barazani. Sokalingam alimsihi kwa aibu. Mzee aliinamisha kichwa tu, akaomba radhi, na kesho yake akachukua kikombe. Anjalai alikuwa akimpokea jioni mlangoni, na mara ya kwanza alishangaa, mara ya pili akajua. Pumzi ya mzee haikuwa na kitu. Ilinuka jani la tambuu, basi. Alitaka kumwambia Pakkiam, mwanamke yule anayelia usiku kwa aibu ya mumewe. Rengasamy alimtazama, akatikisa kichwa kidogo.

Iliendelea hivyo, miaka kadhaa ya majani na matawi. Kisha wakati wa mvua, miti imeziba mbingu hata usingejua kama kuna nyota duniani, Rengasamy alilala mchana na hakuamka.

Anjalai alikaa na wanawake, nywele zimefunguliwa, akingoja. Alingoja mtu amtazame. Alingoja jina la nyota lisemwe nyuma ya mkono. Mwili ulioshwa, ngoma zikapigwa, na hofu haikuacha machozi yapate njia.

"Ni tembo," alisema Pakkiam, akijipiga kifua. "Nilimwambia."

"Ni tembo," alisema Sokalingam.

"Alisema mwenyewe," alisema Sellayi, "pale mlangoni pa Kunju, kila jioni. Masikini, mtu mzuri vile."

Safu nzima ilisema tembo, na baada ya siku za matanga hakuna aliyekuwa na neno jingine la kusema.

Kunju mwenyewe alikuja mwishoni, amevua viatu, ameleta kile kikombe cha bati. Alimkuta Anjalai peke yake barazani.

"Alikiacha kwangu," alisema. "Dada, watu wananitazama vibaya kwamba nimemwua. Sitaki kubishana na wafiwa. Lakini nitakwambia wewe. Kuna mpapai pale karibu na benchi langu. Umeuona jinsi ulivyopinda? Kama kuna mlevi katika jambo hili, ni ule mpapai. Mzee hakupeleka kikombe mdomoni hata siku moja. Nilimwuliza, akaniambia nifunge kinywa changu na mapipa yangu."

Anjalai alipokea kikombe kwa mikono miwili.

Je, mzee alikufa kwa uzee, au nyota ilingoja tu zamu yake? Anjalai hakulijua hilo, wala hakuna aliyeweza kumjulisha. Majani yalipoanguka tena aliamka kama kawaida moyo ukimwenda mbio. Alitoka uwanjani na upindo kichwani. Simba alikuwa amechoka upande wa machweo, mizani iko utosini, nge amepanda mzima, na ndoana imekaa juu ya bati, juu ya paa lake, na juu ya paa la Sellayi, na juu ya nyumba ya mnyapara kule kilimani. Aliitazama hadi mwisho wa mkia. Kidole hakunyoosha.

Watu walikuwa bado wamelala, na saa ilikuwa imefika. Alisogea kwenye nguzo na kile kikombe cha bati mkononi, akagonga debe.